Mbeba Risasi Naye Ni Mpiganaji

Tarehe 7 Aprili, sisi tukiwa kwenye mapumziko ya Sikukuu ya Karume, Msumbiji huadhimisha Siku ya Mwanamke. Wanamkumbuka Josina Machel, aliyefariki hapahapa Dar es Salaam mwaka 1971 akiwa na miaka 25. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kupata mafunzo ya kijeshi, Nachingwea, mwaka 1967.

Tukiwataja wanawake wa msituni tunakimbilia bunduki. Naona tunawapunja. Silaha zilizovuka Ruvuma kwenda Cabo Delgado na Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, zilipelekwa kwa miguu, na sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa vichwani mwa wanawake.

Piga hesabu. Tuseme mpiganaji anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Watu 100 wanataka kilo 50. Mwanamke anajitwika kilo 25 juu ya ngata, siku nne kwenda, nne kurudi. Naye lazima ale njiani: kilo 4 zinaondoka, zinafika 21. Ili hao 100 wale kila siku, wanawake kama 19 wawe njiani muda wote, na hapo hatujagusa risasi, dawa wala majeruhi wa kurudisha kwa machela. Msafara ukikatika, kikosi kinarudi nyuma bila kupigwa.

Vita vikiisha ndipo wanapoachwa. Sierra Leone, ili mpiganaji apokelewe kwenye mpango wa kusalimisha silaha na kurudi uraiani, walitaka bunduki mkononi, wengine wakaambiwa waifungue na kuiunganisha mbele ya maofisa. Aliyepika, aliyebeba, au aliyenyang'anywa bunduki na kamanda wake siku chache kabla, alirudi nyumbani mikono mitupu: hana posho wala mafunzo ya ufundi. Liberia walilegeza sharti, wakawapokea hata wanawake wasio na silaha. Wanawake waliosajiliwa walizidi 22,000.

Hata hivyo kulegeza sharti peke yake hakutoshi, maana orodha ya wapiganaji mara nyingi huletwa na kamanda, naye huandika anaowataka. Mwanamke aitwe peke yake, aulizwe na mwanamke mwenzake, kamanda akiwa mbali, kitambulisho kitoke kwa jina lake, si la mume. Kambi iwe na vyoo vyao vyenye komeo na mtu wa kushika watoto. Bila hayo wengi hawatakanyaga hapo. Na swali la kwanza kwenye fomu lisiwe kuhusu bunduki. Liwe hili: ulibeba nini, kutoka wapi hadi wapi, kwa muda gani?