Bwana Mjusi Kasusa Chakula

Jamani, huyu mjusi ni mkwe au ni mfugo? Mjusi kafiri wa kwetu anajikalia ukutani karibu na taa, anajikamatia mbu na nondo wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje joto. Huyu mjusi wa madoa ya chui (Wazungu humwita leopard gecko), asili yake Pakistani na Afghanistani, sasa anafugwa Ulaya kwenye kisanduku cha kioo, na masharti tele: upande wa joto sakafu iwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 24 hadi 26. Mwenye nyumba kazima hita kwa kuogopa bili, kajikunyata kwenye blanketi, na umeme anaota mjusi!

Joto likipungua tu, hali chakula. Na si jeuri. Bila joto la kutosha mwilini tumbo halisagi, chakula kinalala humo humo. Basi kabla ya kumbembeleza, pima sakafu ndani ya maficho yake ya joto. Kile kipimajoto cha kubandika kwenye kioo kinapima kioo, hakimpimi mjusi. Nunua chenye waya, ncha ikae pale anapolaza tumbo. Mkeka wa umeme unaopasha sakafu nao uwe na thamostati, yaani kidhibiti joto, la sivyo unamkaanga akiwa hai.

Joto liko sawa na bado kanuna? Tazama ngozi. Ikifanya weupe weupe, anajivua, atalila gamba lake mwenyewe (hilo halikatai!), kisha atarudi kwenye mlo wake wa nyenje. Kaletwa juzi? Mwache wiki moja au mbili bila kumshikashika, na majirani wasije kumtazama kama bibi harusi. Dume naye msimu wa kuzaana anaweza kususa wiki kadhaa kwa mawazo ya ndoa, na mahari hatoi yeye.

Kumkaribisha chakula nako kuna adabu zake. Mpe jioni, giza likianza kuingia. Nyenje asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Huyo nyenje ashibishwe karoti na mboga za majani siku nzima kabla, halafu apakwe unga wa kalsiamu. Nyenje anakula mlo kamili, mwenye nyumba anakunywa chai kavu! Waliobaki watoe usiku uleule, kwa sababu nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi, halafu watu wanashangaa mbona anakikimbia chakula. Na usimpanue mdomo kwa nguvu, utamwumiza taya.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni ya gramu. Mkubwa mwenye mkia mnono anaweza kumaliza wiki mbili tatu bila kula, akiba yake ya mafuta iko mkiani. Kinda hana akiba, usimsubiri. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito, mkia ukikonda, kinyesi kikiwa maji maji, au kisipotoka kabisa kwa kuwa kameza mchanga wa kwenye kisanduku, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua mijusi.

Daktari naye atataka kinyesi kibichi cha kupima minyoo na vijidudu. Kama miadi ni kesho, kitunze kwenye friji, ndani ya kopo safi lililofungwa barabara. Liandike kwa kalamu nene, herufi kubwa, kila upande, maana jirani yake humo ni achari ya embe.