Ujiji, Bado Mmoja!

Anayesema Kigoma hakuna foleni hajawahi kufika Mwanga sokoni jioni. Mji wetu una barabara moja kubwa. Inaanzia stesheni, pale Mjerumani alipofikisha reli yake mwaka 1914 akakuta mbele ni maji, inapanda Mwanga, halafu inateremkia Ujiji. Basi. Dereva mmoja akisimama kumsalimia shangazi yake, na salamu za huku lazima zipitie kwa kila mgonjwa wa ukoo, mji mzima umefungwa nyuma yake.

Siku hiyo nilikuwa na Noah ya shemeji. Aliniazima nikamchukulie mawese, akaniambia neno moja tu: "Shemeji, mkwaruzo sitaki." Nikazunguka kutafuta pa kuegesha. Kila penye upenyo pana mama na mafungu yake ya nyanya, au bodaboda wamejipanga, au fundi kamwaga injini ya watu chini. Mwishowe gari moja likachomoka, nami nikajichomeka. Hata injini sijazima, kijana wa ushuru wa maegesho kashafika na kimashine chake. Jamani, meli yetu ya Liemba ilizamishwa ziwani mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na sijawahi kusikia kwamba ilidaiwa ushuru! Nikalipa, nikaingia sokoni. Mlango wa pembeni wa ile Noah kitasa kimekufa siku nyingi, haufungi. Hilo shemeji analijua.

Kumbe pale ndipo magari ya Ujiji yanapopakilia. Kibao hakuna, mstari hakuna.

Narudi na dumu kila mkono, nakuta gari limejaa. Nyuma wamebanana na watoto mapajani. Katikati kuna mama kapakata beseni la samaki, migebuka, maji yanachuruzika kwenye siti. Mbele kakaa mzee wa kanzu na jogoo wake. Mpiga debe anagonga bodi: "Ujiji, Ujiji, bado mmoja!" Aliponiona akanidaka mkono.

"Huyu hapa! Mzee, madumu weka nyuma, wewe banana hapo na mama. Sogeeni kidogo, jamani."

"Hili gari ni langu," nikasema.

"Baba, sote tuna haraka," akajibu mama wa migebuka. "Panda tuondoke."

Nikatoa funguo nikaining'iniza juu waione. Kimya. Halafu wote wakanigeukia kwa sauti moja kama kwaya: "Kumbe dereva ni wewe? Unatuacha kwenye joto, umeenda kununua mawese?"

Nikaanza kujieleza. Huku nyuma hiace ya Ujiji, ile halali, inataka nafasi yake na inapiga honi. Lori la ndizi limekwama nyuma ya hiace, bajaji zimejipenyeza pembeni ya lori, na sasa hakuna wa mbele wala wa nyuma. Trafiki akaja anapuliza filimbi.

"Dereva, toa gari!"

"Afande, hawa si abiria wangu."

Akachungulia ndani. "Nyinyi ni abiria wa nani?"

"Wa huyu!" Hata mtoto alininyooshea kidole.

Ningefanya nini? Nikakaa kwenye usukani. Mpiga debe akagonga kioo: "Bosi, changu." Nikamlipa, kwa kunijazia gari watu ambao sikuwaomba.

Njia nzima nilisikia "shusha hapo kwenye mwembe", "shusha kwa fundi baiskeli". Mama wa migebuka alisema nauli nitaikuta kwa mumewe, na mumewe hakuwepo. Wengine walilipa nusu kwa kuwa gari halina konda. Mzee wa jogoo ndiye aliyefika mwisho, karibu na pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Stanley alitembea miezi kutoka Bagamoyo mpaka akampata mtu wake. Mimi, mzee hajamaliza kushuka, simu inaita.

"Shemeji," sauti imepoa kabisa. "Naambiwa gari yangu imeanza kupiga ruti ya Ujiji."

"Shemeji, ngoja nikueleze..."

"Utaeleza ukifika. Njoo na hesabu."

Nikampelekea mawese yake, siti inayonuka migebuka, na shilingi 3,500. Akazihesabu mara mbili, akauliza mbona pungufu.