Kikombe cha euro 4 na saa ya arobaini

Chukua kikombe cha kahawa cha euro 4, bei ambayo haimshangazi mtu katika mgahawa wa Dublin. Kodi ya ongezeko la thamani ikiwa asilimia 13.5, senti 48 hivi za kikombe hicho ni za serikali. Ikishuka hadi asilimia 9, serikali inabaki na senti 33. Kwa ajili ya hizo senti 15, wenye migahawa wa Ireland walipiga kelele miaka miwili, na bajeti ya Oktoba 2025 ikawapa walichotaka: kuanzia 1 Julai 2026, chakula cha migahawani na huduma za saluni zirudi kwenye asilimia 9. Vyumba vya hoteli vimeachwa nje.

Kiwango hiki kimekuwa kama mlango wa saluni yenyewe, kila saa unafunguliwa na kufungwa. Kilishushwa 2011, nchi ikiwa inaishi kwa mkopo wa uokoaji wa IMF na Umoja wa Ulaya. Kikapanda 2019. Kikashuka Novemba 2020 kwa sababu ya korona, kikapanda tena Septemba 2023. Mtu aliyefungua mgahawa 2010 na bado yuko hai kibiashara amebadilisha hesabu zake mara nne, na hii ya Julai ni ya tano.

Kuna maswali mawili hapa, na katika mjadala wa Ireland yanachanganywa kama mchele na chuya. Je, mwenye biashara ndogo ana haki ya kulalamika? Na je, dawa inayoombwa kwa jina lake inamfikia yeye?

Malalamiko yenyewe ni ya kweli. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 11.30 kwa saa mwaka 2023. Kikawa 12.70, kisha 13.50, na tangu Januari 2026 ni 14.15. Hiyo ni nyongeza ya robo nzima ndani ya miaka mitatu. Katikati ya hapo zikaingia siku za ugonjwa zinazolipwa na mwajiri, ikaingia sikukuu mpya ya Mtakatifu Brigid, na Januari 2026 ikaanza pensheni ya lazima: mwajiri anachangia asilimia 1.5 ya mshahara kwa sasa, atafika 6 ndani ya miaka kumi. Bima nayo ina kisa chake. Mwaka 2021 majaji walipitisha miongozo iliyopunguza fidia za majeraha madogo, ikatarajiwa ada za bima zifuate. Wenye maduka wanasema bado wanazisubiri.

Ukizitazama moja moja, hakuna hata moja kati ya haki hizo za wafanyakazi ninayoweza kuipinga. Mtu akiumwa alipwe, akizeeka awe na akiba. Shida ni jinsi zilivyofika, zote kwa mkupuo, mlangoni kwa mtu asiye na mhasibu, anayepiga hesabu za mishahara usiku baada ya kufunga, mezani pale pale alipokuwa akikatia vitunguu mchana. Kampuni kubwa ya dawa kule Cork hata haisikii mkwaruzo.

Sasa hamia upande wa pili wa kaunta. Mhudumu anayefanya saa 39 kwa 14.15 anapata kama euro 552 kwa wiki kabla ya makato, sawa na 2,390 hivi kwa mwezi. Wastani wa kodi ya nyumba kwa mpangaji mpya Dublin umevuka 2,000. Wasomaji wenzetu wanaosugua masufuria huko hawahitaji kuchorewa picha. Vyama vya wafanyakazi vinaposema biashara inayosimama kwa mishahara midogo inabebwa na maskini, vina hoja nzito. Ila mshahara huo ukipanda, unapita mfukoni mwa mhudumu kama maji kwenye pakacha na kuishia kwa mwenye nyumba. Mwajiri mdogo na mfanyakazi wake wanagombana juu ya fedha ambazo hakuna kati yao anayelala nazo.

Tugeukie swali la pili. Kwa hesabu ya Umoja wa Ulaya, biashara ndogo na ya kati ni yoyote yenye watu chini ya 250, mradi mapato yake hayazidi kipimo fulani. Watu 249! Pale Kariakoo mtu huyo anaitwa tajiri, na mkewe anaitwa mke wa tajiri. Chini ya mwavuli huo wanakaa zaidi ya asilimia 99 ya kampuni zote za Ireland, kuanzia fundi viatu wa Sligo mpaka mwenye hoteli tatu. Wenyewe waliliona tatizo hili zamani: chama cha ISME kilizaliwa 1993 baada ya baadhi ya wenye biashara ndogo kujitenga, wakiona chini ya shirikisho la waajiri wakubwa sauti yao haisikiki. Mpaka leo kuna ISME kwa upande mmoja na, kwa upande mwingine, chama cha kampuni ndogo kilicho ndani ya shirikisho hilo la waajiri, Ibec.

Rudi kwenye kikombe. Mgahawa unaouza vikombe 200 kwa siku utabaki na euro 29 zaidi, kama hautapunguza bei. Si haba, ni saa mbili za mhudumu. Lakini mnyororo wenye matawi mia unaouza baga usiku kucha nao unapata senti zile zile kwa kila euro 4, na hakuna aliyekuwa akiulilia. Serikali inapoteza zaidi ya euro milioni 600 kwa mwaka mzima. Unafuu unaofuata mauzo humfuata mwenye mauzo makubwa. Wizara ya Fedha yenyewe ilipoupima mwaka 2018 iliona sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwa watu ambao wangefanya biashara vile vile bila kupewa kitu.

Watetezi wana jibu, na si jibu la kubeza. Kodi ikishuka inashuka kwa wote asubuhi moja, bila fomu, bila afisa, bila kusubiri. Ruzuku inadai maombi, na mwenye mgahawa wa kijijini hana muda wa maombi. Mgahawa huo ukifa, kijiji kinabaki na kituo cha mafuta tu.

Hata hivyo serikali ikitaka kumtafuta mdogo, inamjua aliko. Mwaka 2024 ilitoa ruzuku ya gharama za biashara ya euro milioni 257 kupitia halmashauri, ikatumia bili ya kodi ya majengo kama kipimo. Mwenye bili isiyozidi euro 10,000 alipewa nusu yake. Kati ya 10,000 na 30,000, alipewa 5,000. Zaidi ya 30,000, hakuambulia kitu. Kipimo hicho hakikuwa kamili, lakini mwenye bili kubwa hakupita.

Halafu kuna jambo ambalo ningelipigia kelele kabla ya kahawa. Mwajiri wa Ireland huchangia bima ya jamii, PRSI, kwa asilimia ya mshahara wa mfanyakazi. Mwanzoni mwa 2026, mshahara usiozidi euro 552 kwa wiki unachangiwa asilimia 9. Ukivuka hapo, ni 11.25, na si kwa kile kilichozidi tu bali kwa mshahara wote kuanzia euro ya kwanza. Mhudumu wetu wa saa 39 yuko chini ya mstari kwa senti 15. Mwambie abaki saa moja zaidi Jumamosi, wateja wamejaa. Kwa saa hiyo ya arobaini atapata 14.15. Mwajiri atalipa hiyo, pamoja na euro 14 nyingine za PRSI. Saa ya 14 imegeuka saa ya 28, na mhudumu hajaona hata senti ya hiyo nyongeza. Basi haambiwi abaki. Anaambiwa kwa heri, tuonane Jumatatu, naye alikuwa anazihitaji zile 14.

Kuondoa ngazi hii ya PRSI kungewafaa wote wawili, na mwenye kulipa mishahara mikubwa asingepata kitu. Labda ndiyo maana halina kelele: kodi ya mauzo inawaunganisha mkubwa na mdogo kwenye bango moja, hili linawatenganisha. Serikali nayo inaogopa kugusa mapato ya kudumu, na woga huo una msingi. Zaidi ya nusu ya kodi ya kampuni nchini hulipwa na kampuni kumi tu, na ile hukumu ya mahakama ya Umoja wa Ulaya ya Septemba 2024 iliyoilazimisha Apple kuilipa Ireland kodi ya euro bilioni 13 ni chakula cha siku moja.

Mwaka 2025 mstari ulikuwa euro 527. Januari 2026 ulisogezwa hadi 552 ili mtu wa saa 39 abaki chini yake baada ya mshahara kupanda. Saa ya arobaini iliachwa pale pale, na Oktoba 2026 viwango vyote viwili vinaongezeka tena kidogo.