Iacheni Chai ya Kichina Iwe Chai

Boksi lilikuwa la kijani, lina joka la dhahabu, na stika ya Kiswahili iliyobandikwa ubavuni ilidai kwamba kilichomo kinatibu presha, kisukari, kitambi, upungufu wa nguvu za kiume na uvimbe wa kizazi. (Mgonjwa mwenye hayo mawili ya mwisho kwa pamoja sijapata kumwona, lakini mchapaji alijiandaa kwa lolote.) Shangazi yangu, anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi, alilinunua kwa muuzaji aliyemhakikishia kwamba hiyo ndiyo siri ya Wachina ya kuishi miaka mingi. Nililigeuza nikasoma maandishi madogo ya chini. Kiungo cha kwanza, kwa jina la Kilatini, kilikuwa sanamaki.

Aliyelelewa na bibi wa Pwani hahitaji kuelezwa kazi ya sanamaki: ni majani ya kuharisha. Ikitumiwa siku moja mbili na mtu aliyefunga choo, haina neno. Kinachonikera ni kumpa mtu ainywe kila usiku kwa miezi, akiamini kwamba kilo zinazopungua kwenye mzani ni mafuta, ilhali ni maji na kinyesi, na uzito huo hurudi mara tu tumbo linapotulia. Kuharisha kwa muda mrefu huondoa potasiamu mwilini, na bila potasiamu ya kutosha moyo hupoteza mpangilio wa mapigo yake. Dawa kadhaa za presha, hasa zile za kuongeza mkojo, nazo huiondoa potasiamu hiyohiyo. Kwa hiyo mgonjwa anayenyweshwa kikombe hicho kwa ahadi ya kuponywa presha anaweza kuwa anauweka moyo wake katika hatari ambayo hakuwa nayo kabla ya kukutana na joka la dhahabu.

Chai ya Kichina yenyewe haijamkosea mtu. Longjing ya Hangzhou, Tieguanyin ya Anxi na pu'er ya Yunnan zote hutokana na mmea uleule, Camellia sinensis, unaolimwa Kericho na Mufindi. Kinachozitofautisha zaidi ni namna jani linavyosindikwa. Longjing hukaangwa kwenye karai la moto mapema baada ya kuchumwa, ili lisigeuke jeusi, na ndiyo maana hubaki na katechini, kemikali asilia za jani la chai, nyingi kuliko chai yetu ya rangi. Nakiri, shingo upande, kwamba sayansi inampa muuzaji robo ya hoja yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia Wachina wapatao 100,000, ulionyesha kwamba wanywaji wa chai mara tatu au zaidi kwa wiki walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa. Lakini kuwafuatilia watu hakuthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowakinga, na desturi ya Wachina ni kunywa jani na maji matupu, si vijiko vitatu vya sukari. Wala utafiti huo haukusema kwamba chai inashika nafasi ya vidonge.

Hata chai halisi ina masharti yake. Wenye upungufu wa damu wasiinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na mtu asiinywe ikiwa inaunguza, kwani vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 vimehusishwa na saratani ya umio.

Kinachodai kutibu presha ni dawa, na dawa husajiliwa. Kinachouzwa kama chai ni chakula, na chakula hakiahidi kumponya mtu. Wauzaji hawa wanataka faida ya dawa bila usumbufu wa kusajili. Anayeamini boksi lake linatibu alipeleke kwanza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, likiwa na sanamaki yake imeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi ninazoweza kuzisoma bila kukopa miwani.