Jana alikubali, leo hakumbuki

Tangu nianze kusoma saikolojia kuna mtu mmoja hanitoki kichwani, Henry Molaison wa Marekani, yule ambaye kwa miaka mingi vitabu vilimwita H.M. tu. Mwaka 1953 akiwa na miaka 27 alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibu kifafa, daktari akatoa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kutunza kumbukumbu mpya, pande zote mbili, kifafa kikapungua kweli lakini kuanzia hapo kumbukumbu mpya zikawa hazikai. Unaongea naye vizuri tu, unatoka nje kidogo, ukirudi anakupokea kama ndo mnaonana leo.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku anautazama mkono wake kwenye kioo. Siku ya kwanza akakosea sana, siku ya tatu anachora safi kabisa, na ukimuuliza anakwambia hajawahi kuifanya. Mkono unajua, mwenyewe hajui! Hapo ndo ikaonekana kwamba kumbukumbu ya ujuzi ina njia yake na ya matukio ina njia yake.

Wengi wanaishia hapo. Mi nakwama kwenye ridhaa. Huyu mtu alichunguzwa zaidi ya miaka 50 mpaka anafariki 2008, na kukubali utafiti maana yake ujue unafanyiwa nini halafu uweze kujitoa ukichoka, sasa utajitoaje kwenye jambo ambalo hukumbuki kama uliliingia?

Na tusidhani sisi wazima tuko salama sana. Mwaka 1974 wanasaikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali, wengine wakaulizwa magari yalikuwa na spidi gani "yalipogongana", wengine "yalipobamizana". Wiki moja baadae wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, wa "kubamizana" 16 kati ya 50 wakasema ndio, wa "kugongana" 7 kati ya 50, na kwenye filamu vioo hivyo havikuwepo kabisa. Neno moja tu hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia "uliambiwa yote siku ile na ukakubali", unaweza kweli kuanza kukumbuka uliambiwa.

Wale watu wa utafiti wa mwanasaikolojia Milgram pia, mwaka 1961, waliambiwa wanakuja kwenye utafiti wa kumbukumbu na kujifunza, kumbe wanapimwa utii kwa kuamriwa wampige mtu mwingine shoti za umeme (za kuigiza, ila wao hawakujua), na mtu akisema anataka kuacha anajibiwa utafiti unamtaka aendelee. 26 kati ya 40 walifika volti 450, wengine wanatetemeka na jasho linawatoka. Hilo linaniuma kuliko hata ule uongo wa mwanzo, maana mlango wa kutokea ulifungwa mtu akiwa ameshaomba kutoka.

Ndo maana sikubaliani na ridhaa ya saini moja kwenye fomu ya siku ya kwanza. Ningekuwa na mtu kama Henry mbele yangu ningemuuliza kila asubuhi, kwa maneno mepesi na yasiyomsukuma, hata kama jana alikubali akitabasamu, na akisema leo hataki basi naweka kalamu chini nakaa naye tu tunaongea.