Kidonge Kimoja na Bakuli la Uji

Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, haziishi wiki tatu kabla mtu hajatuma habari ya dawa mpya ya saratani ya tezi dume. Mara ni dawa inayobeba mionzi hadi ndani ya uvimbe, mara ni sindano inayoamsha kinga ya mwili. Chini yake binamu yangu wa Jinja huandika maneno yale yale: "Hii tumtafutie Mzee." Halafu kundi zima linanyamaza, maana swali linalofuata ni nani atatoa pesa.

Mzee ni baba yangu mkubwa. Ameendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa hiyo alipoanza kulalamikia mgongo hakuna aliyeshtuka. Dereva gani hana mgongo? Kliniki ya kwanza ikampa dawa za maumivu, ya pili ikamuuzia mkanda wa kufunga kiunoni. Mwaka ukakatika kabla mtu hajafikiria kumpima damu kipimo cha PSA, protini ya tezi dume ambayo mara nyingi hupanda penye saratani. Majibu yalipotoka, saratani ilikuwa imeshaingia mifupani.

Mimi si daktari. Ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kazi yangu ni makaratasi ya mizigo. Lakini nimeshakaa kwenye mabenchi ya korido za hospitali kiasi cha kuwa na maoni yangu, nayo ni haya: dawa tunayoihitaji zaidi Uganda, iitwayo abirateroni, ilishagunduliwa zamani. Kilichobaki ni mtu wa kutuonyesha namna ya kuitumia kwa dozi na bei tunayoimudu, na huyo mtu ningependa awe wa kwetu.

Nianze na siku ile ya daktari. Alimweleza Mzee kwamba saratani hii inalishwa na homoni ya kiume, na kuinyima chakula kuna njia mbili: sindano kila baada ya miezi mitatu, maisha yote, au upasuaji wa mara moja wa kuondoa korodani. Mzee akatazama dari muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi, akimwacha daktari pale pale: "Mwanangu, yaani wanataka kunifanya maksai?" Yule daktari, kijana wa rika la kitinda mimba wake, alikuwa na adabu ya kutocheka. Akasogeza kiti, akasema, "Mzee wangu, maksai hajui anachofanyiwa. Wewe unajua, na unaweza kukataa."

Matibabu hayo yana umri mkubwa kuliko Mzee mwenyewe. Charles Huggins alionyesha kule Chicago mwaka 1941 kwamba ukiondoa homoni hiyo, uvimbe wa tezi dume husinyaa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na mpaka leo msingi wa kuitibu saratani hii ikishasambaa haujabadilika. Mzee alichagua kisu. Alipiga hesabu akaona sindano zitakula kodi ya vyumba vyake vitatu vya kupangisha, navyo ndivyo vinavyosomesha wajukuu.

Shida ni kwamba ugonjwa huu una akili ya mgambo aliyenyimwa hongo: hutafuta njia nyingine. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni kidogo, na uvimbe wenyewe hujifunza kujitengenezea. Ndipo inapoingia abirateroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Hii huzuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni hiyo popote mwilini, na humezwa pamoja na prednisoloni, dawa ya steroidi. Mwaka uliofuata ikaja enzalutamidi, inayoziba vipokezi ambavyo homoni hunatia. Mwaka 2017 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao STAMPEDE, uliokuwa na wagonjwa 1,917 kwenye ulinganisho huo, ulionyesha kwamba waliopewa abirateroni tangu mwanzo, juu ya matibabu ya kawaida ya homoni, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya 76 kwa wasiopewa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Muhimu, yaani ya kila nchi.

Sasa tuje kwenye zile za WhatsApp. Inayonivutia zaidi ni lutetiamu-177. Wanaifunga kwenye molekuli inayotafuta protini ya PSMA, ambayo imejaa juu ya seli za saratani ya tezi dume, nayo inakwenda kuziunguza kwa mionzi huko huko zilikojificha. Katika utafiti uliosababisha iidhinishwe Marekani mwaka 2022, wagonjwa 831 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshawashinda, waliopewa lutetiamu waliishi wastani wa kati wa miezi 15.3, wenzao 11.3. Miezi minne si haba ukiwa na mjukuu wa kuozesha. Lakini mimi ni mtu wa mpakani, naona mzigo. Lutetiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kwa chini ya siku saba. Haiwekwi stoo, haisubiri sahihi ya mkubwa aliyetoka kula. Nimeshaona kontena la vigae likilala hapa wiki mbili kwa sababu ya herufi moja kwenye fomu. Hata ikishukia Entebbe kwa ndege, itabidi kila mtu kwenye mnyororo ule awe kazini siku hiyo. Na huko Marekani dozi moja inazidi dola 40,000, na mgonjwa anaweza kuhitaji sita.

Sisemi haiwezekani Afrika. Pretoria, timu ya Profesa Mike Sathekge imekuwa miongoni mwa za mwanzo duniani kuwatibu wagonjwa kwa dada yake, aktiniamu-225, nayo ya mionzi. Kwa hiyo uwezo upo, ukiwa na mashine na watu.

Nyingine nazipita haraka. Olaparibu inawafaa wenye hitilafu kwenye jeni kama BRCA. Kapivasetibu imejaribiwa kwa ambao uvimbe wao umepoteza protini ya PTEN. Opevesostati inafunga bomba juu kabisa, kule kolesteroli inakoanza kugeuzwa homoni, na anayeitumia lazima ameze steroidi za kufidia. Kuna pia molekuli zinazokivunjavunja kabisa kile kipokezi ambacho enzalutamidi hukiziba tu. Sayansi tamu, nakubali. Ila dawa mbili za kwanza hapo zinadai kipimo cha jeni au cha uvimbe kabla hujaandikiwa kidonge, na sisi Mzee wetu alikaa mwaka mzima bila hata PSA.

Habari ambayo hakuna aliyewahi kuituma kwenye kundi ni hii. Abirateroni huandikwa imezwe tumbo likiwa tupu, miligramu 1,000 kwa siku, vidonge vinne vya 250. Sababu ni kwamba chakula huifanya iingie kwenye damu kwa wingi mno. Mlo wa mafuta mengi unaweza kuipandisha hadi mara kumi. Madaktari wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Chicago (Chicago tena!) wakajiuliza: kama chakula kinaivuta hivyo, kwa nini tunaimwaga? Wakachukua wagonjwa 72, nusu wakameza vidonge vinne bila kula, nusu wakameza kimoja na staftahi isiyo na mafuta mengi. Matokeo yalitoka mwaka 2018: PSA ilishuka karibu sawa kwa makundi yote mawili.

Robo ya dawa. Chupa ya vidonge 120 ambayo ingeisha kwa mwezi inakwenda miezi minne.

Wakosoaji wana hoja, na sitaificha. Watu 72 ni wachache, na kilichopimwa ni PSA, hakikupimwa nani aliishi muda gani. Nani basi wa kufanya utafiti mkubwa? Kampuni inayouza vidonge vinne haitalipia uthibitisho kwamba kimoja kinatosha. Hapo ndipo nawatazama watu wa Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kwa kazi ya aina hiyo hiyo, kujaribu dawa kwa watoto wenye uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani ya limfu, na mwaka 1972 Denis Burkitt na John Ziegler waliofanya kazi hiyo Kampala walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani. Mulago ni miongoni mwa mahali ambako dunia ilijifunza kwamba dawa zinaweza kuponya saratani. Rejista ya saratani ya Kampala ina kumbukumbu tangu miaka ya 1950, na wagonjwa wa tezi dume tunao, kwa bahati mbaya, wa kutosha.

Rafiki yangu mmoja aliniambia hii ni dawa ya kimaskini, Wazungu wanameza nne sisi tunapewa moja. Nilimjibu kwamba hata miongozo ya Marekani inaitaja kama njia inayokubalika. Hakuridhika, tukaagiza chai.

PSA ya Mzee ilipanda tena mwaka jana. Daktari akaeleza yote haya, akakubaliana naye kidonge kimoja, na kila mwezi anapimwa presha, potasiamu na ini. Alisisitiza kwamba mtu asijipunguzie mwenyewe nyumbani, wala asimeze vinne kwa chakula. Kisha akauliza Mzee hula nini asubuhi.

"Katogo," Mzee akasema. "Matoke na matumbo."

Daktari akatikisa kichwa. Wakabishana kama watu wawili kwenye soko la ng'ombe, wakatua kwenye uji wa ulezi na kipande cha mkate bila siagi. Mzee alikubali korodani ziende kwa nusu saa ya mazungumzo. Suala la katogo bado analikatia rufaa mpaka leo, na jana amenipigia simu kuuliza kama maini yana mafuta.