Presha ishushwe mpaka wapi, 120 au 140?

Mamkubwa wangu wa Wete ana miaka 71, presha anayo siku nyingi na moyo ulishatanuka. Majuzi daktari kamuongezea dawa ya tatu, anataka namba ya juu iende chini ya 130, basi wanawe wakagawana, mmoja anasema 140 inamtosha dawa zitamuangusha, mwengine anasema Marekani wanashusha mpaka 120 kwa nini yeye asishushwe.

Wote wana cha kushika. Utafiti wenyewe wa Marekani ni SPRINT, ulitoka 2015, watu zaidi ya 9,300 wa miaka 50 kwenda juu wenye hatari ya maradhi ya moyo, nusu walilengwa chini ya 120 nusu chini ya 140, na wale wa 120 maradhi ya moyo na kiharusi yakapungua kwa robo, vifo navyo vikapungua hivohivo, mpaka ukasimamishwa mapema. Si jambo dogo. Lakini wenye sukari na waliowahi kupata kiharusi hawakutiwa, na huku kwetu sukari na presha zinatembea pamoja, halafu wale wa 120 ndio waliozidi kuzimia na figo kuyumba. China 2024 kwenye utafiti wa ESPRIT wakawatia na hao, faida ikaonekana ila asilimia 12 tu.

Mimi nipo na daktari, hata WHO tangu 2021 kwa mtu mwenye maradhi ya moyo inasema chini ya 130. Ila 130 iliyopimwa vipi? Kwenye SPRINT mtu alikaa kimya dakika 5 akapimwa mara tatu kwa mashine ukachukuliwa wastani. Mamkubwa nilimpeleka mwenyewe, kashuka garini, kapanda ngazi anahema, mkanda ukafungwa juu ya mkono wa baibui huku anaulizwa wajukuu, ikasoma 168. Nyumbani kabla hajaianza hiyo dawa, kaegemea, mkono juu ya meza, nikapata 146, 142, 144. Bado iko juu, dawa anaihitaji, ila safari ya kufika 130 si ndefu kama ilivodhaniwa.

Na anaeogopa kuanguka asipuuzwe, maana tangu aianze, alfajiri moja kainuka kwenye sijda akashika ukuta. Sasa tunampima kakaa, kisha akisimama dakika 1 na dakika 3, ikishuka 20 daktari aambiwe kabla hajaongeza kitu. Tunaandika kwenye daftari, Jumatatu tunarudi nalo.